Masikio ya Profesa wa Meza ya Nyimbo

Jumatatu, 3 Juni

Nina bahati mimi! Wengine walipewa mashamba, wengine walipewa sura, mimi nilipewa masikio. Siku niliyozaliwa bibi yangu alinifunua nguo, akanitazama, hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Alisema huyu ana masikio ya kifalme. Basi tangu siku hiyo hakuna sauti iliyonipita. Gitaa la nyuzi mpya na gitaa la nyuzi kuukuu nawatofautishia nikiwa chumba cha pili, mlango umefungwa, pasi inapuliza mvuke. Nimewahi kuwa utingo wa lori, nimelala miji saba, sijakutana na masikio kama haya. Bahati haigawanywi kwa mizani. Nawaonea huruma wengine.

Naandika haya dukani. Duka ni chumba kimoja cha watu wawili. Mimi dobi, mwenzangu fundi cherehani. Kulia kwangu ukuta, nguo zimening'inia, juu yake rafu na redio yangu. Mbele meza ya pasi. Kushoto cherehani yake. Hatusemezani, mwaka wa pili sasa. Yaani yeye ndiye hanisemezi. Nadhani elimu yangu inamtisha. Mtu anayejua muziki wa dunia nzima hutisha kidogo, hasa akiwa ameshika pasi ya moto.

Huko mtandaoni lakini mimi ni Profesa. Kundi letu linaitwa Meza ya Nyimbo. Watu arobaini na moja, hatujuani sura, tunapendana kama ndugu wanaokaa mbalimbali. Jumatatu rumba. Jumanne ngoma. Jumatano nyimbo za zamani. Alhamisi jazi, Ijumaa rege, Jumamosi kwaya. Jumapili lolote, hata yale magitaa ya kukwaruza ya vijana wa nguo nyeusi. Kila mtu anaweka wimbo anaoupenda, na chini ya wimbo wa mwenzako unaandika ulichosikia. Siyo "wimbo mzuri". Siyo kidole gumba. Ulichosikia! Hiyo ndiyo sheria ya meza, na hapo ndipo nilipojengea jina.

Leo habari kubwa. Mkunga, mama mstaafu aliyeanzisha kundi, anaachia uadmini. Anasema macho yamechoka na simu na wajukuu wamekuwa wengi kuliko vidole. Kura Jumapili. Wagombea wawili: mimi na Mfamasia.

Mfamasia! Duka lake la dawa liko mtaa wa pili. Makoti yake meupe nafua mimi. Mtu mkavu kama kidonge kisicho na maji. Wewe unasikia wimbo unalia, yeye anaandika mwaka, studio, nani alipiga besi na mpiga besi alishindia nini siku hiyo. Huyo akikalia kiti atatuletea fomu za kujaza, nawaambia.

Hiki kiti nakitaka. Dukani mimi ni mtu wa kuulizwa shati litakuwa tayari lini. Kwenye meza ile nikisema neno, watu arobaini wanasubiri la pili. Nikishindwa Jumapili, nabaki na mashati.

Mpango: kura huvutwa kwa sifa. Kuanzia kesho kila wimbo utakaowekwa nitausifia wa kwanza, kabla Mfamasia hajavaa miwani. Kusikiliza kunachelewesha. Nitasifia kwanza, nitasikiliza baadaye.

Jumanne, 4 Juni

Nimesifia nyimbo ishirini na tatu kabla ya chai! Vidole vinaniuma. Kila mmoja nimempa maneno yake. Huyu ngoma yake "inatembea peku". Yule ngoma yake "imekataa kuolewa". Sijui maana yake, lakini wenyewe wamefurahi.

Mfuga Kuku aliweka wa kwake asubuhi na mapema, bila maelezo. Nikamwandikia mistari sita. Kwamba mpigaji huyu ana uchungu wa miaka. Kwamba pigo lile la kuchelewachelewa halifundishwi, mtu huzaliwa nalo. Kwamba mwishoni, ngoma inapokohoa, nilifuta chozi.

Saa nne Mfuga Kuku anaomba radhi. Kakosea. Ile ilikuwa pampu yake ya maji. Alimrekodia fundi wa pampu ili ajue imeharibikia wapi.

Vikatuni vya kucheka vikashuka kama mvua ya mawe. Mfamasia hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Aliuliza tu, kwa adabu zote, kama Profesa anaweza kumsaidia fundi: kikohozi kile kimetoka kwenye mota au kwenye bomba?

Nikajibu muziki uko kila mahali kwa mwenye masikio. Halafu dereva mmoja wa lori akaandika kwamba, jamani, tuseme kweli, pampu ina mdundo. Mwingine akasema ameirudia mara tatu na mkewe anatikisa kichwa. Mfuga Kuku akanifuata pembeni. Akasema ndugu yangu, hakuna mtu aliyewahi kusifia kitu chochote kilichotoka nyumbani kwangu, kura yangu unayo. Mnaona? Mimi hata nikianguka naangukia godoro.

Jioni Dada kalalamika. Ni dada yangu mkubwa, nakaa kwake. Eti ameniita mara nne nianue nguo, wingu limekaza, mimi nimekaa barazani kama mzigo uliosahaulika stesheni. Nikamwambia nilikuwa nawaza. Akasema mdogo wangu, toka utoto wewe unawaza upande mmoja tu. Sijui alimaanisha nini. Nguo zimelowa, zangu zikiwemo.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa utaratibu, la sivyo nitalia.

Leo ni nyimbo za zamani. Mkunga kaweka wake. Akaandika huu anaupenda kuliko zote, na hatasema ni wa nani hadi saa kumi na mbili, kwanza tumwambie tunasikia nini. Nikajua hapa ndipo kura zilipo! Wimbo wa mwenye kiti hausifiwi kwa kubahatisha. Nikazima redio. Nikakaa juu ya furushi la mashuka, nikavaa hedfoni zangu, nikafumba macho. Nikausikiliza mara mbili, mzima mzima. Sijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Gitaa. Besi inayonyata. Kingoma kinachopigwa kwa brashi kama mtu anafagia taratibu asiamshe mtoto. Basi. Nikaandika mistari kumi na tisa. Nanukuu kilele chake:

"Humu hakuna mwimbaji, na huo ndio ujasiri wake. Wimbo huu ungeharibika kabisa kama mtu angefungua mdomo. Namshukuru yeyote aliyekuwa ndani ya studio siku ile akakataa kuimba."

Nikatuma. Nikajinyoosha. Nikasubiri makofi.

Akatokea Mfamasia: Profesa, kuna mwanamke anaimba humo tangu sekunde ya tatu mpaka mwisho.

Nikacheka. Nikaandika njama za uchaguzi hizo. Lakini dereva wa lori naye anamsikia. Mpishi wa shule anamsikia. Mwishowe hata Mfuga Kuku, mtu wangu, wa kura yangu, akaandika: nisamehe kaka, mwanamke yumo, tena anaimba kweli.

Saa kumi na mbili Mkunga akasema ni nani. Ni yeye! Wakati huo ana miaka ishirini na miwili, yuko na bendi ya wafanyakazi wa hospitali. Walitoka zamu, wakaenda studio ndogo yenye vipaza sauti viwili tu, kimoja cha wapigaji, kimoja chake. Ndiyo rekodi pekee aliyoifanya maisha yake yote. Kanda ilipotea, mpwa wake kaipata mwezi uliopita kwenye sanduku. Sisi ndio watu wa kwanza kusikilizishwa.

Kwangu akaandika: "Ahsante Profesa kwa maoni."

Ile nukta ya mwisho. Nimeipigia pasi kichwani mara mia, hailali.

Alhamisi, 6 Juni

Mwizi kapatikana! Ni hedfoni.

Asubuhi nilimwendea muuza vifaa vya simu wa pale kona. Nikamwambia upande wa kushoto umekufa. Akanipa mpya. Nikajaribu palepale: mwanamke hayumo. Nikadai nyingine. Hayumo. Ya tatu. Hayumo. Yule bwana akachomoa, akavaa mwenyewe, akaanza kutikisa mabega. Akasema mzee, huyu mama anaimba mpaka natamani nimpigie simu mama yangu. Nikamwambia wewe una masikio ya rejareja, mimi yangu ni ya jumla. Akasema basi nikanunue jumla.

Nilipozivaa tena kwa hasira nilizigeuza, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Loo!

Mwanamke! Yumo! Msichana wa miaka ishirini na miwili, ametoka zamu, miguu inamuuma na anaimba kama mtu anayevua viatu. Sauti si kubwa. Inasogea karibu, inakuambia wewe peke yako. Nilisimama katikati ya njia na hedfoni ambazo sijanunua. Mkokoteni wa maji ukanipigia kelele, mwenye mkokoteni akamtaja mama yangu, mimi nimesimama tu.

Sasa ajabu: gitaa limeondoka. Besi imeondoka. Mfagiaji naye kaenda zake. Amebaki mwanamke peke yake.

Mimi ni mtu wa kufikiri haraka. Nikaandika kwenye kundi kwamba nimegundua siri ya kihistoria: wimbo huu una rekodi mbili! Moja haina mwimbaji, nyingine haina wapigaji. Mtandao unamgawia kila mtu kwa bahati yake. Jana mimi niligawiwa ile nyingine.

Mfamasia kanifuata pembeni. Akaandika kaka, samahani, naomba jambo moja dogo. Ziba sikio lako la kulia kwa kidole, halafu uniambie unasikia nini.

Nikamjibu sifanyi mazoezi ya hospitali na mpinzani wangu. Kila mwanasiasa anajua: adui akikwambia ziba sikio, ipo sauti hataki uisikie. Nimemgundua.

Ilikuwa siku ya jazi. Sijasifia hata mmoja. Kura zinanitoroka kama maji kwenye ungo.

Ijumaa, 7 Juni

Ieleweke: sikuziba sikio kwa sababu Mfamasia kaniagiza. Niliziba ili nimthibitishie kuwa ni mjinga.

Nilikuwa na koti lake jeupe mezani. Mkono wa kulia umeshika pasi, kwa hiyo nilipitisha wa kushoto juu ya kichwa, kama mtu anayejikuna kwa adabu, nikachomeka kidole sikio la kulia.

Dunia ikazimwa.

Redio ikafunga mdomo. Gurudumu la cherehani linazunguka, halisemi. Mlangoni mbwa anabweka, yaani anafungua mdomo na kuufunga, kama samaki. Nikasimama nashangaa. Fundi Cherehani akageuka akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. Nikamtazama kwa upole. Macho yakamtoka. Akapunga mkono. Nami nikampungia, kwa ile pasi? Hapana. Pasi ilikuwa imelala.

Akaruka, akanipiga kikumbo. Kidole kikachomoka na kila kitu kikarudi kwa pamoja: redio, mbwa, na yeye akipiga kelele kwamba inaungua, inaungua, we baba, nguo ya watu inaungua, wewe ni mtu au ni gogo!

Mgongoni mwa koti la Mfamasia pana alama ya pasi. Nzima, kuanzia ncha hadi kisigino. Rangi ya chai ya maziwa. Imetulia kama muhuri wa serikali.

Nikamwambia Fundi Cherehani nashukuru kwamba leo hatimaye kanisemesha. Akaweka mikono kiunoni. Hatimaye? Akasema miaka miwili ananisalimia kila asubuhi. Miaka miwili! Umeamkaje, pole na kazi, mwenzangu mvua hiyo. Mimi nipo tu nimekaza shingo kama mkurugenzi. Mwisho akachoka. Mtaa mzima anauambia dobi wake ana majivuno, na mtaa umekubali.

Nikasema nilikuwa nawaza. Akasema hakuna binadamu anayewaza miaka miwili.

Lakini koti kalichukua. Akakata kitambaa cheupe, akashona kiraka chenye pindo mgongoni kote, kizuri hata kuliko koti lenyewe. Hakusema bei. Nikamwambia ahsante. Akasema kumbe unajua kusema.

Sikio limechoka kidogo, hilo nakiri. Ni mvuke wa pasi. Litarudi.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda duka la dawa na koti mkononi na uongo wa aina tatu kifuani. Wa kwanza: mtindo mpya wa ng'ambo, madaktari wakubwa wanavaa hivyo ili mgongo upumue. Wa pili: panya. Wa tatu ulikuwa kulia machozi.

Mfamasia akalifungua koti. Akatazama kiraka. Akanitazama mimi. Akatoka nyuma ya kaunta, akazunguka, akasimama kushoto kwangu. Mimi nikaendelea kusoma makopo ya maziwa ya watoto. Nikasoma sana. Halafu akaja upande wa kulia. Akasema kaka, nimekutukana upande ule mara mbili na hujakasirika.

Nikamuuliza kanitukana nini. Akasema hiyo ni siri ya duka la dawa.

Akachukua kurunzi akanimulika sikioni, kwa ukavu wake uleule wa kidonge. Akasema nta haimo. Matone hayatasaidia. Hili ni la kupimwa, tena angeniomba lisisubiri. Akampigia nesi wa kitengo cha masikio palepale, akanipatia nafasi Jumatano. Akanieleza habari ya rekodi za zamani kama ule wimbo wa Mkunga: sauti huwekwa upande huu, vyombo upande ule. Mwenye upande mmoja hupata nusu ya wimbo. Akasema kundini hatatamka neno.

Nikamuuliza anapata faida gani. Akafikiri kama anasoma maandishi ya daktari. Akasema bila wewe, Profesa, ile meza ingekuwa miaka na majina ya wapiga besi tu. Nani mwingine angesikiliza pampu?

Sikumwambia kwamba pampu sikuisikiliza. Nilikaribia kumpenda. Nikajizuia. Kura ni kesho.

Nyumbani nikamsimulia Dada. Akasema miaka thelathini ananiambia! Sikio la kufa halisikii dawa. Halafu akakumbuka aliyeligundua ni muuza dawa, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza akanijazia chai bila kuombwa. Akainua kiti chake, akakihamisha, akakaa kulia kwangu. Tukanywa.

Mpango wa kesho ninao. Mzuri kuliko yote. Nitalala kama mtoto.

Jumapili, 9 Juni

Saa moja asubuhi nikatuma tangazo. Kwamba Jumatano Profesa hakukosea. Alikuwa anaonyesha mbinu! Inaitwa Usikilizaji wa Nusu. Nikawaagiza wote wachukue wimbo wa zamani wanaoujua kwa moyo, wavae hedfoni, wachomoe upande mmoja, kisha waniambie wamesikia nini.

Kundi likawaka! Dereva wa lori kapata tarumbeta ndani ya rumba aliyoipenda miaka kumi na tano, anaapa haikuwamo. Mpishi wa shule kasikia mtu anakohoa nyuma ya kwaya na sasa ndiye anayempenda kuliko wote. Mwingine kasikia kabisa mpiga ngoma anaambiwa aharakishe. Nyimbo zikaanza kumwagika, rege, opera, magitaa ya nguo nyeusi, kila mtu anatoboa wimbo wake katikati kama anafungua papai. Mfuga Kuku akaandika pampu haina kushoto wala kulia, pampu ni pampu. Na kura zinaingia! Tisa. Kumi na nne. Saa sita mchana: Mfamasia kumi na nane, Profesa kumi na nane. Nikaruka. Nikagonga kichwa kwenye rafu.

Ndipo Mkunga akaandika. Kwamba na yeye kajaribu, akachomoa upande wa wapigaji. Kajisikia peke yake kwa mara ya kwanza tangu ujana. Ubeti wa pili katoka nje ya sauti, kacheka sana. Lakini ana swali moja kwa Profesa. Kama ulisikia nusu kwa kutaka, mwanangu, ukijua nusu ya pili ipo, kwa nini ulisema wimbo ungeharibika mtu akiimba?

Uongo nilikuwa nao. Mistari mitatu, mitamu, imenyooka kama suruali ya arusi. Kidole kiko juu ya simu. Watu arobaini wanasubiri, hicho hasa nilichokitaka. Nikamkumbuka yule msichana anayevua viatu.

Nikafuta. Nikamwandikia kwake, pembeni, siyo mbele ya watu, mimi si malaika. Nikasema mama, sikutaka. Sikukusikia. Upande wako ndio upande ambao sikio langu limechoka. Nilikusikia Alhamisi nimesimama barabarani, mkokoteni ukataka kunikanyaga, sikuondoka. Wimbo ule ungeharibika usingeimba. Nisamehe.

Akajibu: "Ahsante mwanangu". Bila nukta! Nimetazama mara nyingi. Haimo.

Wakati huohuo Mfamasia anawaeleza wenzetu juu ya rekodi za pande mbili, na kwamba yeyote angeweza kuteleza kama Profesa. Hakutaja sikio. Kashika neno lake.

Zimebaki dakika tatu kura zifungwe. Nikagundua mimi mwenyewe sijapiga! Sijui nini kilinipata. Moyo ulikuwa laini kama nguo iliyotoka kulowekwa. Nikampigia kura Mfamasia.

Sekunde tano baadaye akili ikarudi. Nikatafuta pa kufuta. Hakuna pa kufuta! Nikabonyeza kila kitu. Nikazima simu, nikawasha. Kumi na tisa kwa kumi na nane.

Halafu Mfamasia ananiandikia: asubuhi yeye alinipigia kura mimi. Kwa maana hiyo, kama leo ningekuwa mchoyo kama siku zangu zote, mimi ndiye ningekuwa msimamizi. Wema unaua.

Jumatatu, 10 Juni

Kazi ya kwanza ya msimamizi mpya: fomu! Nilisema au sikusema? Ina mistari mitano. Wa tatu unauliza: umesikiliza mara ngapi kabla ya kuandika? Najua ni mimi anayetazamwa hapo.

Nimemwomba Fundi Cherehani tubadilishane upande. Nikamwambia ni kwa ajili ya mwanga. Akatazama, dirisha liko palepale, akabeba cherehani. Sasa yuko kulia kwangu. Toka asubuhi anazungumza na nimejua mengi. Kubwa ni hili: katika ile miaka miwili, baada ya kunisalimia, kila siku alikuwa ananiomba nipunguze redio. Siku mia sita za kuomba! Nimeipunguza. Akasema hiyo ndiyo kupunguza? Nikaipunguza tena. Anaimba akishona. Anaimba vibaya sana. Nimekaa nasikia.

Nami sikulala njaa ya cheo. Nimefungua kundi langu: Meza ya Nusu. Msimamizi ni Profesa, wa maisha, hakuna kura. Wanachama wanne. Mimi. Dada, kwa nguvu. Fundi Cherehani, ili apate pa kulalamikia redio kwa maandishi. Na Mfuga Kuku, ambaye saa nne kaweka rekodi ya kwanza ya historia yetu. Nikamwandikia papo hapo mistari saba. Midundo mikali, ngoma inapasua kifua, mwishoni kile kikohozi tulichokizoea, sasa kimekomaa.

Saa tano kashukuru. Akasema ni ile pampu, imetengenezwa. Karekodi kutuonyesha kwamba haitoi sauti yoyote.

Jumatano hospitali. Dada anasema atanipeleka amenishika ukosi. Hamna shida, nimeshapeleleza. Unavalishwa hedfoni, nesi anabonyeza kitufe, ukisikia unainua kidole. Basi sitasikiliza, nitamwangalia mkono. Akibonyeza, nainua. Nitapata mia kwa mia, pande zote mbili, cheti nitakibandika kwenye Meza ya Nyimbo, juu kabisa ya fomu yao.

Na ile bahati ya masikio niliyoiandika Jumatatu iliyopita ni uongo. Bibi hakusema kitu. Bibi hakuwepo. La kushoto limekufa tangu darasa la nne, na nilijua, nikakaa na huo uongo mpaka ukawa kama kabati la nyumbani, unapita kando yake huuoni. La kushoto halisikii. La kulia halisikilizi.